Somo la 9: Wosia, Wazee na Amani ya Nyumba

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 25:1–11, Mwanzo 27, Hesabu 27:1–11, 1 Wafalme 1:1–40, 2 Wafalme 20:1–6, Marko 7:9–13, Luka 12:13–21, Yohana 19:25–27.

Fungu la kukariri: 1 Timotheo 5:8. Kila mshiriki alikariri kutoka katika Biblia anayoitumia nyumbani. Kiini chake ni kwamba asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumba yake, ameikana imani kwa matendo hata kama anaikiri kwa kinywa.

Nabii Isaya alipoingia kwa mfalme Hezekia aliyekuwa mgonjwa, alikuwa na ujumbe mfupi kutoka kwa Bwana. Mfalme angekufa, na kabla ya kufa alipaswa kuyapanga mambo ya nyumba yake. Hezekia alilia na kuomba, akaongezewa miaka 15. Miaka hiyo nayo iliisha. Alipolala na baba zake, mwanawe Manase aliyeketi mahali pake alikuwa na umri wa miaka 12 tu (2 Wafalme 21:1). Maombi yaliurefusha muda, lakini hayakuondoa haja ya kuipanga nyumba.

Katika familia nyingi za waumini, kutaja wosia huonekana kuwa uchuro. Baba anaogopa watu watasema anajitabiria kifo. Watoto wanaogopa kuuliza wasije wakaonekana wanamwombea mzazi afe. Mama ananyamaza kwa sababu akiuliza ataambiwa anaitamani mali. Kimya hicho hudumu mpaka siku ya kuanua matanga, na hapo ndipo watu waliokaa benchi moja kanisani kwa miaka mingi huanza kusalimiana mahakamani.

Juma hili tutajifunza jinsi Maandiko yanavyosema juu ya mali ya mzee, juu ya mjane na watoto anaowaacha, na juu ya utunzaji wake yeye mwenyewe wakati bado yuko hai.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Baraka Iliyotolewa kwa Siri

*Soma Mwanzo 27:1–10 na Mwanzo 25:5–9. Kuna tofauti gani kati ya jinsi Isaka alivyopanga mambo ya nyumba yake na jinsi Ibrahimu alivyoyapanga?*

Isaka alikuwa na sababu njema. Alikuwa mzee, macho yake hayaoni, na alikiri kwamba haijui siku ya kufa kwake. Kosa lilikuwa katika njia. Alimwita mwana mmoja peke yake. Mke wake hakuambiwa. Alisikia tu maneno ambayo hayakusemwa kwake. Mwana wa pili hakuitwa. Kila mtu katika nyumba ile alibaki na siri yake, na siri hizo zilipokutana, Esau aliazimia kumwua ndugu yake, Yakobo akakimbilia Harani, na Maandiko hayataji kwamba Rebeka alimwona tena mwana aliyempenda.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Isaka hakufa wakati ule. Aliishi miaka mingi baadaye, mpaka akafikisha miaka 180, na wana wote wawili wakamzika (Mwanzo 35:28, 29). Muda wa kuwaita wote pamoja ulikuwepo.

Ibrahimu naye hakuwa na familia nyepesi. Alikuwa na Ishmaeli kwa Hajiri, Isaka kwa Sara, na wana wengine sita kwa Ketura. Lakini akiwa bado hai aliwapa wana wa masuria zawadi zao na kuwapa mahali pao pa kwenda, na sehemu ya Isaka ikajulikana. Alipokufa, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja katika pango la Makpela.

Kuna funzo jingine katika chumba cha Isaka. Mzee asiyeona hutegemea mikono na sauti za wengine. Leo wapo wazee wanaowekwa dole gumba kwenye karatasi ambayo hawakusomewa, au wanaosomewa jambo moja wakatia sahihi jingine. Ngozi za mbuzi za Yakobo zimebadilika kuwa karatasi, lakini udanganyifu ni ule ule. Mzee asiyeweza kusoma asomewe kwa sauti, kwa lugha anayoielewa vizuri, na mtu ambaye hana faida yoyote katika hati hiyo.

Je, katika nyumba yako kuna jambo la mali ambalo mtu mmoja tu analijua? Ni nani wengine wanaostahili kulijua?

JUMATATU

Ahadi ya Chumbani

*Soma 1 Wafalme 1:1–40. Kwa nini ahadi ya Daudi kwa Bathsheba haikutosha kumlinda yeye na mwanawe?*

Daudi alikuwa amemwapia Bathsheba kwamba Sulemani ndiye atakayemrithi. Hakuna sababu ya kutilia shaka kwamba alimaanisha alichosema. Lakini mfalme alikuwa amezeeka, hapati joto hata akifunikwa nguo, na Adonia akaanza kujitukuza kuwa yeye ndiye mfalme. Alifanya karamu karibu na Eni-Rogeli, akawaita wana wa mfalme na watu wakubwa, akamwacha Sulemani. Nathani alimweleza Bathsheba waziwazi kwamba uhai wake na wa mwanawe ulikuwa hatarini (fungu la 12).

Daudi alipoelewa, hakusema kwamba ahadi yake ilikuwa inatosha. Siku ile ile alimwita Sadoki kuhani, Nathani nabii na Benaya, Sulemani akapakwa mafuta mbele ya watu huko Gihoni. Ahadi ya chumbani ikawa tangazo lenye mashahidi.

Wanawake wengi wameambiwa na waume zao, “Nyumba hii ni yako, mtu asikusumbue.” Maneno hayo ni ya upendo, lakini mahakamani ni maneno ya mtu mmoja. Sheria za nchi zinataka kile Daudi alichokifanya mwishoni. Katika Tanzania, kwa wale wanaofuata sheria za mila, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Kwa asiyejua kusoma na kuandika, mashahidi ni wanne. Katika Kenya, wosia wa mdomo hutambuliwa tu ukitolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mtoaji akifariki ndani ya miezi mitatu.

Mwandikaji awe na akili timamu, asishurutishwe, aweke tarehe na sahihi yake, na ataje atakayesimamia mirathi. Mashahidi waaminiwe na, isipokuwa pale sheria inapomtaka mke, wasiwe watu wanaorithi. Wosia hauhitaji kuandikwa upya kila mwaka, lakini uangaliwe tena panapotokea ndoa, kuzaliwa kwa mtoto, kifo cha mrithi au kuuzwa kwa mali. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huandika na kutunza wosia za wananchi. Popote unapotunzwa, angalau mtu mmoja mwaminifu ajue ulipo.

Kama ungeitwa leo, ni ahadi zipi ulizozitoa kwa mdomo ambazo hakuna shahidi angeweza kuzithibitisha?

JUMANNE

Mabinti Watano Mbele ya Hema

*Soma Hesabu 27:1–11. Mabinti wa Selofehadi waliomba nini, na Bwana alijibu nini?*

Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza walisimama mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, na mbele ya mkutano wote. Baba yao alikufa bila mwana. Kwa desturi, jina lake lingefutika na sehemu yake ingekwenda kwa wengine. Musa hakuwajibu kwa kichwa chake. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana. Jibu lilikuwa kwamba mabinti hao wamesema haki. Kisha likawekwa kuwa sheria kwa Israeli yote. Mungu aliisikiliza desturi ikishitakiwa, akatoa hukumu kwa faida ya mabinti.

Waumini wengi hudhani kwamba, kwa kuwa wamebatizwa, mali yao itagawanywa Kikristo wakifa bila wosia. Sivyo ilivyo. Katika Tanzania Bara mirathi huongozwa na sheria zaidi ya moja. Ipo sheria ya Kiislamu kwa Waislamu. Zipo kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963. Ipo pia Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa wakati wa ukoloni, ambayo hutumika kwa wengine wakiwemo Wakristo walioacha maisha ya kimila. Mahakama huangalia jinsi marehemu alivyoishi na kile alichokusudia. Cheti cha ubatizo peke yake hakimalizi shauri.

Tofauti ni kubwa. Kwa sheria ya 1865, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Kwa kanuni za mila za 1963, mjane kwa kawaida hapati fungu ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo. Anatazamiwa kutunzwa na watoto wake. Watoto wenyewe wamewekwa kwa madaraja: mwana wa kwanza wa kiume wa nyumba kubwa, kisha wana wengine wa kiume, na mabinti daraja la tatu.

Mambo haya si ya vitabuni tu. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi juu ya wajane wawili wa Tanzania. Waume zao walipofariki, mashemeji walidai mali kwa kanuni za mila, na wajane wakafukuzwa na watoto wao katika nyumba walizoishi. Kamati iliona kwamba haki zao zilivunjwa.

Kwa upande mwingine, mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Alipoliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, ndugu wa ukoo alishitaki, akidai mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji aliona kwamba mila hiyo inapingana na usawa uliomo katika Katiba. Wosia wa baba ndio uliomfikisha binti yule kwenye shamba.

Sheria nyingine pia huwalinda walio dhaifu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwenzi mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Na kwa asiye na fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa ushauri bila malipo.

Ikiwa mila ya ukoo wako ingefuatwa leo bila wosia wowote, nani katika nyumba yako angebaki bila kitu?

JUMATANO

Korbani

*Soma Marko 7:9–13. Je, kuna ubaya gani katika kumtolea Mungu mali? Kwa nini Yesu alikemea jambo hili?*

Mafarisayo waliruhusu mtu kutamka kwamba mali yake ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Baada ya hapo hakulazimika kuitumia kwa ajili ya baba au mama. Kwa nje lilionekana tendo la ibada. Yesu aliliita kulitangua neno la Mungu kwa mapokeo. Kumtolea Mungu ni jambo jema, lakini Mungu hakubali sadaka iliyochukuliwa kutoka kwenye sahani ya mama mzee.

Fungu hili linaligusa kanisa moja kwa moja. Mshiriki anayetaka kuacha sehemu ya mali kwa kazi ya Bwana anafanya vema, na idara ya uwakili ipo kumsaidia. Lakini kwanza ajiulize mwenzi wake atalala wapi, na wazazi wake watakula nini. Mchungaji au mzee wa kanisa anayekaa kando ya kitanda cha mgonjwa asiwe mshauri, mwandishi na mpokeaji wa wosia kwa wakati mmoja. Afadhali kanisa likose shamba kuliko jina la Mungu litukanwe mbele ya mjane.

Paulo alipoagiza juu ya wajane, alitaja umri wa miaka 60 kuwa mwanzo wa kuandikwa katika orodha ya wanaosaidiwa na kanisa (1 Timotheo 5:9). Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 nayo inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Hata hivyo Paulo aliweka wajibu wa kwanza kwa watoto na wajukuu (fungu la 4). Kanisa na serikali huja kusaidia. Hawaji kuchukua nafasi ya watoto.

Kumtunza mzazi si kumtumia fedha kwa simu tu mwisho wa mwezi. Watoto wakae pamoja na kuamua nani atamsindikiza hospitali, nani atalipia dawa, na nani atalala naye nguvu zitakapopungua. Dada aliyeacha kazi yake mjini kurudi kumwuguza mama asije akaambiwa siku ya mgawo kwamba hakuchangia chochote.

Tena zipo sehemu za nchi ambako bibi vizee wametuhumiwa uchawi, wakapigwa na hata kuuawa, huku nyuma ya tuhuma ukiwepo ugomvi wa shamba. Mwadventista anayejua hali ya wafu hawezi kunyamaza tuhuma kama hizo zinapotajwa kwenye kikao cha ukoo. Asimame upande wa mzee, hata akiwa peke yake.

Je, mzee gani wa kanisa lenu au mtaa wenu anahitaji mtu wa kusimama upande wake juma hili?

ALHAMISI

Mgawanyi Aliyekataa Kugawanya

*Soma Luka 12:13–21. Kwa nini Yesu alikataa kuamua ugomvi wa urithi, na kwa nini alijibu kwa mfano wa tajiri mpumbavu?*

Mtu mmoja katika mkutano alimwomba Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi. Huenda alikuwa na haki. Yesu hakusema kwamba dai lake ni la uongo. Alikataa kuwa mwamuzi, akageukia ugonjwa uliokuwa chini ya dai. Choyo huweza kukaa kwa aliyenyimwa kama kinavyokaa kwa aliyenyima. Tajiri wa mfano alijua ukubwa wa ghala zake, lakini hakuwa na jibu kwa swali la Mungu: vyote hivyo vitakuwa vya nani?

Hapa warithi nao wanaambiwa neno. Mithali 20:21 inaonya juu ya urithi unaopatikana kwa haraka, na mwana mpotevu wa Luka 15 aliuona ukweli huo zizini kwa nguruwe. Mtoto anayemshinikiza mzazi auze kiwanja ili apate mtaji amekwisha kumzika moyoni.

Msimamizi wa mirathi naye ajue kazi yake. Yeye si mrithi mkuu. Familia hukutana na kumpendekeza, muhtasari wa kikao na cheti cha kifo hupelekwa mahakamani, na mahakama ndiyo inayomteua. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa wanaostahili. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, anatakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Anayekaa miaka kumi akikusanya kodi za nyumba ya marehemu huku yatima wakifukuzwa shule kwa ada ni miongoni mwa wale Yesu aliosema wanakula nyumba za wajane (Luka 20:47).

Na mtoto aliyepewa na mzazi hati ya kutenda kwa niaba yake, pengine kuchukua pensheni au kusimamia shamba, akumbuke kwamba mamlaka hayo huisha mzazi anapofariki. Kutoa fedha benki kwa hati hiyo baada ya mazishi si kurithi.

Je, unatamani kitu gani cha mzazi au ndugu kiasi cha kukosa amani naye? Kipeleke mbele za Bwana kwa jina lake.

IJUMAA

Mawazo ya Ziada

Ellen G. White alishauri waumini juu ya wosia na urithi katika juzuu ya nne ya *Shuhuda kwa Kanisa*. Alihimiza wazee wapange mambo yao wakiwa na akili timamu, na alisisitiza kwamba ni bora zaidi kutoa kwa mkono wa mtu mwenyewe akiwa hai kuliko kungoja mauti. Naye alifanya alichofundisha. Mwezi Februari 1912, zaidi ya miaka mitatu kabla ya kifo chake cha Julai 1915, aliandika wosia uliowataja wadhamini watano wa kutunza maandishi yake. Kanisa limeendelea kufaidika na utaratibu huo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Lakini mfano mkuu uko Kalvari. Yesu hakuwa na nyumba wala shamba. Hata mavazi yake yaligawanywa na askari mbele ya macho yake. Alikuwa na mama. Katikati ya maumivu, kabla ya kusema kwamba imekwisha, alimwona akisimama chini ya msalaba, akamkabidhi kwa Yohana mbele ya mashahidi (Yohana 19:25–27). Yohana naye hakungoja kikao. Tangu saa ile alimchukua nyumbani kwake. Kama Mwokozi hakuiona kazi ya kuwakomboa wanadamu kuwa sababu ya kumsahau mjane mmoja, hakuna shughuli ya kanisa iliyo kubwa kiasi cha kumfanya mtu asipange nyumba yake.

Wanaongoja marejeo ya Kristo wanao urithi usioharibika (1 Petro 1:4). Tumaini hilo halimfanyi mtu kuwa mzembe na vitu vya hapa. Wakili mwaminifu hukabidhi mahesabu kabla bwana wake hajayadai.

Maswali ya Kujadili

1. Ndugu mmoja anasema, “Yesu anakuja upesi, kwa nini niandike wosia?” Mngemjibuje kwa kutumia 2 Wafalme 20:1 na Yohana 19:25–27?

2. Mshiriki mwanamume alikuwa na watoto nje ya ndoa kabla ya kuongoka, na mke wake hajui. Kumbukumbu la Torati 21:15–17 na Mwanzo 25:5, 6 zinamwelekeza afanye nini, na kanisa limsaidieje bila kuongeza majeraha?

3. Mjane wa kanisa lenu ameambiwa na mashemeji aondoke nyumbani kabla ya siku arobaini. Taja hatua tatu ambazo darasa lenu linaweza kuchukua juma hili hili, na ni nani atakayezichukua.

4. Kwa nini ni vigumu zaidi kuzungumza na mzazi juu ya wosia kuliko juu ya wokovu wake? Ni mwanzo gani wa mazungumzo unaoonyesha heshima?